Nusu Iliyobaki Kichupani

Krrrrring!

Kengele ililia chumbani. Ililia kwa nguvu, bila aibu, kama mtoto aliyenyimwa. Mapacha wawili waliziba masikio na kucheka.

"Baba Pacha! Unaitwa huko!" mke alisema kutoka jikoni.

"Nimesikia. Hata jirani wa mtaa wa pili amesikia," mume alijibu.

Ilikuwa saa mbili usiku. Kilicholia kilikuwa saa ya mezani, nyekundu, yenye kengele mbili kichwani. Mtu mmoja aliileta kutengenezwa, akahama, hakuirudia tena. Sasa saa hiyo ilikuwa na kazi moja tu. Ilimkumbusha baba wa nyumba kumeza dawa.

Baba huyo alikuwa fundi saa. Mtaani kila mtu alimwita Fundi. Mkewe alikuwa mpishi wa shule. Watoto wao, wasichana wawili wa miaka mitano, walifanana kama kucha na kucha.

Mke alileta glasi ya maji. Fundi alitoa kapsuli moja, yaani kidonge chenye ganda laini. Upande mmoja ganda lilikuwa jeupe, upande wa pili rangi ya chungwa. Alikiweka ulimini, akanywa maji.

"Onyesha," mke alisema.

Fundi alipanua kinywa kama mtoto. "Umeona? Au nilete na lenzi?"

Mke alicheka. Lakini macho yake hayakucheka sana.

Alikuwa na sababu. Fundi alikuwa na ugonjwa wa kupanda na kushuka kwa hisia. Hospitalini waliuita baipola. Majira mengine moyo wake ulipanda. Alisema bila kituo, alilala kwa saa mbili tu, akaona hakuna kinachomshinda. Majira mengine ulishuka. Hapo alilala siku nzima akiutazama ukuta. Hakutaka kula wala kuoga, wala kusikia sauti za wanawe. Kushuka huko ndiko kunakoitwa sonona.

Watu walisema mengi. Huyu alisema amerogwa. Yule alisema ni mvivu. Wote walikosea! Ugonjwa wa akili ni ugonjwa, kama ulivyo ugonjwa wa figo au wa moyo. Si laana, si uvivu, na si jambo la kufichwa chini ya godoro.

Mwaka juzi Fundi alishuka mpaka chini kabisa. Mkewe alikaribia kumpoteza. Tangu wakati ule, mama huyo alilala na sikio moja wazi.

Dawa ya kwanza haikumfaa. Ya pili haikumfaa. Ya tatu ndiyo hii kapsuli ya rangi mbili. Baada ya wiki kadhaa, Fundi alianza kuamka. Alirudi kazini. Siku moja alipiga mluzi akioga, na mkewe akasimama mlangoni akilia kimyakimya kwa furaha.

Lakini hakuna kizuri kisicho na kasoro. Dawa ilimletea usingizi. Asubuhi kichwa chake kilikuwa kizito kama gunia la mchanga uliolowa. Tumbo liliongezeka, na mkanda ukahitaji tundu jipya. Akisimama haraka, aliona kizunguzungu.

Hakumwambia daktari. "Mwanaume gani anakwenda kulalamika usingizi?" alijiambia.

*

Fundi alifanya kazi kwenye baraza la duka la vitambaa. Meza yake ilikuwa ndogo, yenye droo za misumari midogo, springi na vioo. Kando yake alikaa Mshona Viatu, rafiki yake wa miaka kumi na mmoja. Mshona Viatu alikuwa mtu wa utani na mashairi ya papo kwa papo. Wateja wengine walileta viatu vizima, ili wamsikie tu.

Asubuhi moja Fundi alikuwa ameshika saa ndogo ya mkono, ya kike. Alikuwa amekwisha kuifungua. Kibano kilikuwa mkononi, lenzi jichoni. Kichwa chake kikainama polepole. Kikainama tena.

Tik! Kispringi kiliruka. Kilikuwa chembamba kama unywele. Kilipotelea katika nyufa za sakafu.

"Fundi!" Mshona Viatu aliita. "Saa za watu zinakwenda, wewe umesimama!"

Watu barazani walicheka. Mwenye saa hakucheka. Alikuwa mwalimu mzee, na saa ile aliachiwa na mama yake.

"Nipe saa yangu," alisema. "Nitaipeleka kwa aliyeamka."

Fundi aliifunga, akamrudishia. Masikio yalimwaka moto.

Mwalimu alipoondoka, Mshona Viatu alisogeza kigoda. "Samahani, ndugu yangu. Ulimi wangu hauna breki. Lakini hiyo dawa yako ina nini?"

"Ni dawa mbili ndani ya ganda moja," Fundi alisema. "Moja inainua moyo. Moja inatuliza. Nadhani hiyo ya kutuliza ndiyo inayonilaza."

"Basi si uitoe hiyo? Wewe si fundi? Unatoa kipuri kibovu, unaacha kizima."

Alisema kwa utani, kisha akarudi kwenye soli yake. Lakini neno lilikuwa limekwisha kuingia.

Fundi hawezi kuona kitu kilichofungwa asitake kukifungua. Ndivyo alivyozoea kuishi. Saa ikikataa kwenda, unaifungua. Unatafuta kilicho kibaya. Unakitoa. Maisha yake yote njia hiyo ilikuwa haijamwangusha.

*

Kesho yake kengele ililia saa mbili usiku. Mke alileta maji.

"Nitameza pale mezani kwangu," Fundi alisema. "Nina saa ya kumalizia."

Mke alisita. Mapacha walikuwa wanagombea mto. Akaenda kuwaamua.

Fundi aliwasha taa ya kazi. Aliweka lenzi jichoni. Alishika kapsuli kwa kibano na kuivuta pande mbili. Ganda lilifunguka bila kupasuka. Ndani mlikuwa na unga.

Alitafuta unga wa aina mbili. Aliuona wa aina moja tu. Hata hivyo hakurudi nyuma. Aliukwangua nusu kwa ncha ya kisu, akafunga ganda, akameza.

Na ile nusu nyingine? Hakuitupa. Fundi hatupi kipuri. Aliimimina katika kichupa kidogo, kimoja katika vile vya kuwekea misumari. Juu yake alibandika karatasi, akaandika: USINGIZI.

Akafanya hivyo kila jioni.

Siku za kwanza zilikuwa tamu. Asubuhi aliamka mwepesi. Mikono yake ilikwenda kama zamani. "Umeona?" alimwambia Mshona Viatu. "Kipuri kibovu nimekitoa!"

"Nilikuwa natania, Fundi."

"Utani wako ni dawa kuliko dawa!"

Wiki ya pili, utamu ulizidi kipimo. Fundi alianza kuamka saa tisa usiku, kisha saa nane. Alizungumza mpaka chai ikapoa. Alipita nyumba kwa nyumba akikusanya saa. Zinazokwenda na zisizokwenda, zote alizichukua. "Nitazitengeneza zote kwa siku moja," aliahidi. "Mtaa wote utakwenda pamoja, sekunde kwa sekunde!"

"Mume wangu, dawa unameza?" mke alimuuliza.

"Kila siku. Saa mbili kamili."

Hakusema uongo. Lakini hakusema kweli yote.

Jumamosi asubuhi mke aliamka, akakuta shuka nyeupe imetandikwa sakafuni. Juu yake kulikuwa na saa kumi na saba. Zote zilikuwa zimefunguliwa. Magurudumu, mishale na springi vilikuwa vimechanganyika kama dengu na mchele. Katikati yake alikaa Fundi. Alikuwa akitetemeka. Moyo wake ulikuwa unakimbia, na machozi yanamtoka, yote kwa pamoja.

"Sijui tena kipi ni cha ipi," alisema.

Mke alipiga hatua kumwendea. Wakati huo alisikia sauti za mapacha chini ya meza ya kazi.

"Mimi ni muuza duka. Unataka sukari ngapi?"

"Nipe kijiko."

Mke aligeuka. Pacha mmoja alikuwa ameshika kichupa kilichojaa unga. Mwenzake alikuwa amekwisha kutoa ulimi.

"Weka chini!"

Aliruka, akakipokonya. Watoto walianza kulia. Mke alisoma maandishi ya mumewe kwenye kichupa. Akayasoma tena.

"Baba Pacha. Hiki ni nini?"

Fundi alitazama kichupa, akatazama wanawe. Uso ulimbadilika. Akaeleza yote. Meza, kibano, kisu, nusu. Alipomaliza aliinamisha kichwa.

"Nimechoka, Mama Pacha. Karibu niue watoto wangu mwenyewe. Mimi ni mzigo. Nisingekuwepo, mngepumzika."

Mke alikuwa ameyasikia maneno hayo mwaka juzi. Wakati ule aliogopa kuuliza. Leo alikaa sakafuni, uso kwa uso naye.

"Niambie kweli. Unafikiria kujiua?"

Fundi aliweka chini springi aliyokuwa ameishika.

"Wazo limekuja," Fundi alisema. "Jana na leo."

Mke alimshika mikono. Hakupiga kelele. Hakumwita mjinga. "Asante kwa kunijibu. Siondoki hapa."

Alimpigia simu Mshona Viatu aje kukaa na watoto. Kisha akampigia mfamasia.

*

Mfamasia alikuwa jirani yao, nyumba ya tatu. Alifanya kazi kwenye dirisha la dawa hospitalini. Alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya chini. Alifika akiwa amevaa ndala. Aliwauliza mapacha kama wameonja unga, akawatazama midomo. Hawakuwa wameonja. Ndipo akaketi kando ya shuka.

Kwanza alimgusa Fundi paji la uso. Kisha alimkunja mkono na kuunyoosha.

"Unapima nini, dada?" mke aliuliza.

"Nahakikisha hana homa kali, na misuli haijakakamaa. Mtu anayetumia dawa hii akipata homa, mwili ukawa mgumu kama ubao, akatoka jasho au akachanganyikiwa, hiyo si malaria ya kungoja kesho. Akimbizwe hospitali. Hata akitokwa na upele mwilini, aende." Alimgeukia Fundi. "Kuna dawa nyingine uliyokunywa, kaka?"

"Za maumivu ya mgongo. Alinipa Mshona Viatu."

Mshona Viatu alikuwa mlangoni. Alitazama chini.

"Baadhi ya dawa za maumivu zikikutana na hii, zinaweza kuleta kutokwa damu," mfamasia alisema. "Uliza kwanza, hata kama ni kidonge cha kichwa, hata kama ni mizizi ya kuchemsha. Na pombe?"

"Sinywi."

"Usianze. Itakuongezea usingizi na kukuvuruga akili. Sasa niambie, kwa nini uliipasua kapsuli?"

"Nilitaka kutoa dawa ya usingizi. Wewe mwenyewe uliniambia kwamba ni dawa mbili."

"Nilikuambia. Ukaniambia una haraka, ukaondoka kabla sijamaliza." Mfamasia aliokota springi moja nene kwenye shuka. "Hii kazi yake nini?"

Fundi alifuta macho. "Ndiyo inayosukuma saa."

"Na hili gurudumu linalokwenda mbele na nyuma?"

"Hilo linaizuia. Bila hilo springi inafunguka kwa kishindo, na mishale inazunguka kama feni."

"Na mteja akikuambia, toa hili gurudumu, linaichelewesha saa yangu?"

"Nitamfukuza barazani."

"Basi na mimi nilipaswa kukufukuza dirishani," mfamasia alisema, na Fundi karibu atabasamu. "Dawa yako iko hivyo hivyo. Moja inakuinua. Mtu mwenye ugonjwa kama wako akipewa hiyo peke yake, inaweza kumrusha juu mno. Ya pili inakushika usiruke, na inaisaidia ya kwanza kukutoa shimoni. Zimepimwa pamoja."

"Sasa mimi nilibakisha ipi?"

"Hakuna ajuaye! Unga umechanganywa. Ulitoa kidogo cha hii na kidogo cha ile. Leo nyingi, kesho pungufu. Mwili wako haukujua kila jioni unapewa nini. Ndiyo maana leo unakimbia na kulia kwa wakati mmoja."

Mke aliinua kichupa. "Sasa ameze unga huu, afidie?"

"Hapana, wifi! Dawa hii haifidiwi. Mtu akisahau jioni, akikumbuka mapema, ameze. Akikumbuka wakati dozi ya pili imekaribia, aiache ile iliyopita, ameze moja tu kwa saa yake. Asimeze mbili hata siku moja. Na kapsuli imezwe nzima, na maji. Haifunguliwi, haitafunwi." Aliweka kichupa mfukoni. "Hiki nitakwenda kukiharibu kule tunakoharibia dawa."

Kisha akamshika Fundi bega.

"Lile wazo la kuondoka, umefanya vema kulisema. Ni ugonjwa unaosema, si wewe. Linaweza kuja mwanzoni mwa dawa, au kipimo kinapobadilika, na kwa vijana zaidi. Wewe ulikibadilisha kipimo kila siku bila kujua. Likija, mtu hakai nalo peke yake hata saa moja. Tunakwenda hospitali sasa. Si kesho."

"Na saa za watu?" Fundi alisema.

"Saa zitangoja," Mshona Viatu alisema kutoka mlangoni. "Wewe hatuna wa pili."

*

Fundi alikaa hospitalini siku kumi na mbili. Mkewe alikuja kila siku baada ya kupika shuleni, nguo zikinuka moshi.

Daktari alikuwa kijana mwenye subira. "Kwa nini hukuniambia kuhusu usingizi?" aliuliza.

"Niliona aibu."

"Bwana Fundi, kapsuli hizi zina nguvu tofauti. Ningeweza kupunguza kidogo, kwa kipimo. Kisu chako hakina kipimo."

Alimpa yenye nguvu ndogo zaidi. Alimwambia ameze saa moja jioni badala ya saa mbili, ili asubuhi kichwa kiwe chepesi. Alimpima uzito, shinikizo la damu, sukari na mafuta ya damu. "Tutavipima mara kwa mara," alisema. "Dawa hii inaweza kuongeza uzito na sukari. Tembea kila siku. Punguza vitamu. Ukitoka kitandani, keti kwanza, kisha simama. Midomo au ulimi ukianza kuchezacheza wenyewe, niambie. Na siku utakapojiona umepona kabisa, usiiache ghafla. Njoo tuiache pamoja, polepole, kama itafaa."

"Na kazi yangu?"

"Usiendeshe chombo wala kushika mashine kali mpaka ujue dawa inakufanyaje. Kazi nyingine utaipanga mwenyewe. Wewe si ndiye fundi?"

Fundi alirudi nyumbani. Shuka ilikuwa palepale, lakini vipuri havikuwa vimechanganyika tena. Vilikuwa vimepangwa katika vifuniko vya makopo ya rangi ya viatu, vikubwa kwa vikubwa, vidogo kwa vidogo. Mshona Viatu alikuwa amekaa hapo kila jioni. Alikuwa hajui saa hata moja, ila alijua kupanga.

"Ndugu yangu," alisema, "nilikushona kwa ulimi mahali pasipofaa. Nisamehe."

"Ulitania tu. Mwenye kisu nilikuwa mimi."

"Hata hivyo nimelipa faini." Akatoa kipande cha boksi la viatu. Alikuwa ameandika kwa herufi kubwa:

*Kidonge kimeze chote, kwa saa uliyopewa,*
*Usifiche, sema yote, mapema, ukilemewa.*

Fundi alikisoma mara mbili. Akakitundika juu ya meza yake barazani, mbele ya wateja wote. Wengine walinong'ona. Wawili walirudi kwa siri kuuliza alitibiwa wapi.

Fundi alipanga kazi upya. Asubuhi alitengeneza saa kubwa za ukutani. Saa ndogo za mkono aliziacha mpaka mchana, macho yakiwa mang'avu. Ilimchukua wiki sita kurudisha saa zote kumi na saba. Alitembea kwenda na kurudi kazini. Mkanda ulirudi tundu moja. Mwalimu mzee alirudi pia, na saa ya mama yake. Huko alikoipeleka walishindwa. Fundi aliitafutia kispringi kingine, akakitia alasiri moja, pumzi ameishika. Mwalimu aliiweka sikioni. Akafumba macho, akasikiliza.

Kapsuli zilikaa juu ya kabati, ndani ya kopo lenye kufuli. Ufunguo alikuwa nao mke.

*

Miezi saba ilipita. Jioni moja kengele ililia saa moja kamili. Mke alileta maji. Fundi alimeza kapsuli nzima, mbele yake, akapanua kinywa kabla hajaambiwa.

"Nimeona," mke alisema. Alicheka, na safari hii macho nayo yalicheka. Lakini chini yake palikuwa na weusi wa uchovu.

"Jana usiku niliamka kunywa maji," Fundi alisema. "Nawe ukaamka."

"Nilisikia mlango."

"Unasikia kila mlango. Tangu mwaka ule."

Mke aliigeuza glasi tupu mkononi.

Fundi alimshika mkono ule, na glasi ndani yake.

"Nisikilize, Mama Pacha, na watoto wasikie. Kichwa kikinizidi, au lile wazo likirudi, hata likirudi na aibu yake yote, nitakuamsha mimi mwenyewe. Saa hiyo hiyo. Sitafungua kitu peke yangu tena. Kwa hiyo leo lala, mke wangu. Lala na masikio yote mawili."